Mlango wa Kusimamia

Siku mdogo wangu alipoanguka kutoka juu ya mnazi, karakanani kwangu kulikuwa na milango minne iliyokwisha kupigwa randa, imeegemea ukuta ikisubiri vanishi. Kutoka karakana hadi shambani ni kama hatua 200. Hakuna aliyekumbuka mlango. Mimi mwenyewe fundi sikukumbuka. Tulimbeba watu wanne, wawili makwapani, wawili magotini, kiuno kikining'inia katikati kama gunia la korosho, tukampakia bodaboda mshikaki: dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Kila tuta alilia. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Kaka, miguu yangu mmeiacha wapi?"

Hiyo ilikuwa Mikindani, Mtwara, Novemba 2023. Alikuwa mkwezi tangu ana miaka 15, na usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha, shina likawa na utelezi.

Mtu aliyeanguka akasema hasikii miguu, habebwi vile. Anaviringishwa polepole, watu wote kwa hesabu moja, kichwa, shingo, mgongo na kiuno vikiwa mstari mmoja, halafu chini yake kinaingizwa kitu kigumu kilichonyooka. Mlango, kwa mfano. Mwaka mmoja baadaye nilipata ujasiri wa kumuuliza daktari kama tungemlaza kwenye mlango mambo yangekuwa mengine. Akanijibu kuwa hakuna anayeweza kujua, huenda uti uliumia palepale alipotua chini. Jibu hilo nimelipokea. Kuna usiku halinitoshi.

Picha ilionyesha pingili ya kumi na moja ya kifua imesagika. Alipasuliwa Dar es Salaam, wakamwekea vyuma na skrubu. Nyumbani habari hiyo ilipofika watu walifurahi sana, maana kwa akili ya kawaida kitu kikishakazwa skrubu kimepona. Mjomba wetu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, alianza kuniuliza lini atatembea, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa skrubu. Nilimweleza kwa mfano wa nyumba: fundi umeme anapitisha waya ndani ya bomba la plastiki ukutani. Bomba likivunjika unaweza kuliunga. Lakini waya uliomo ndani ukiwa umekatika, taa haiwaki, hata bomba liungwe namna gani. Skrubu inashika mfupa. Uti wenyewe, ule wa ndani unaopeleka habari miguuni, hauna skrubu yake.

Swali lililobaki likawa kama waya wote umekatika au kuna nyuzi zimesalia. Kumbe linapimwa. Daktari alimgusa kwa pamba na kumchomachoma kwa pini kuanzia kifuani kushuka, akaandika, mwisho akavaa glavu akampima njia ya haja kubwa. Sisi tuliosimama pale tulikasirika, tukaona mtu mzima anadhalilishwa mbele ya kaka yake. Baadaye ndipo tulipoelezwa: nyuzi za sehemu hiyo ndizo za mwisho kabisa kwenye uti. Mgonjwa akisikia kuguswa pale, au akiweza kubana, jeraha halijakata kila kitu, na matumaini ya kurudishiwa chochote ni makubwa zaidi kuliko ya yule asiyesikia kabisa. Mdogo wangu alisema, "Nasikia, ila kama mtu ananigusa juu ya blanketi." Nimewaambia watu wengi tangu hapo: kipimo hicho msikikatae kwa aibu.

Sasa kidonda. Hapa naomba nikae kidogo.

Wodini tuliambiwa mgonjwa apumzike. Tukampumzisha. Alilala chali siku tisa, na sisi tukijisifu kwamba hasumbuliwi. Wauguzi walikuwa wachache, wagonjwa wamejaa, na hakuna aliyetuambia kitu. Hospitali siitaji, maana haya yanatokea kwingi. Siku ya tisa shemeji yangu alipokuwa anabadilisha shuka aliona doa jeusi juu ya mfupa wa mkia, ukubwa wa kisoda. Halikumuuma hata kidogo, na hilo ndilo balaa lenyewe. Mimi na wewe tukikaa vibaya tunahisi ganzi, tunajisogeza bila hata kufikiri. Yeye mwili wa chini haumpi taarifa. Nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro inakosa damu, inakufa kimyakimya. Doa la kisoda likaja kuwa shimo la kisahani. Lilitukalia miezi mitano, na kwa miezi hiyo hapakuwa na kukaa kitako, sembuse kusimama.

Tuliporudi Mtwara tukakutana na dada mmoja wa mazoezi ya viungo. Alikuwa na sauti ndogo na maneno makavu. Mjomba alimwambia, "Mwanangu, sisi tunataka atembee." Akajibu, "Shikamoo, mjomba. Nitamfundisha. Ila kwanza nileteeni makalio yake yakiwa mazima."

Ndiye aliyetupangia zamu. Kila baada ya saa mbili mgonjwa anageuzwa: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti, visigino vikielea visiguse godoro. Saa sita usiku, saa nane, saa kumi. Simu ya shemeji ililia, aliyekuwa zamu akaamka, na mgonjwa mwenyewe hata akiwa usingizini alijifunza kusema neno moja tu: "Geuza." Mama yetu ana zaidi ya miaka 60 na zamu yake hakuikosa.

Dada huyo alituhadithia kuwa zamani watu wenye jeraha kama hili walionekana ni wa kusubiri kufa, na wengi walikufa kweli, kwa vidonda na kwa mkojo. Mwaka 1944 huko Uingereza daktari Ludwig Guttmann alikabidhiwa kitengo cha wagonjwa wa uti katika hospitali ya Stoke Mandeville, wengi wao wanajeshi, akashikilia mambo yaleyale ya kuchosha: wageuzwe, mkojo utunzwe, mwili ufanye kazi. Mwaka 1948 aliwaandalia mashindano ya kulenga shabaha kwa mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu, na mbegu hiyo ndiyo iliyozaa michezo ya Paralimpiki. Mdogo wangu alisikiliza, akauliza kama kuna mashindano ya kukwea. Tulicheka mpaka kidonda kikahitaji kufungwa upya.

Kuhusu mkojo nitasema kwa ufupi maana mwenyewe hapendi nieleze. Alitoka hospitali na mpira wa mkojo wa kudumu na akawa anapata homa za maambukizi kila mara. Baadaye alifundishwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mrija mwembamba, kila saa nne hadi sita, mikono imeoshwa kwa sabuni. Homa zikapungua, na zaidi ya hapo aliacha kutembelewa na watu huku kimfuko cha mkojo kikining'inia kitandani. Alisema siku hiyo ndiyo alisimama kwa mara ya kwanza, hata kama alikuwa amelala.

Kitu kilichonigusa mimi kama seremala ni vifundo vya miguu. Mtu akilala muda mrefu, nyayo zinashuka kama za mcheza ngoma anayesimamia vidole, mishipa ya nyuma inafupika, na siku ya kumsimamisha kisigino hakifiki chini. Wengine wanazuiwa kusimama na hicho tu. Dada wa mazoezi alinionyesha jinsi ya kushika kisigino kwenye kiganja, unyayo umelala juu ya mkono wangu, nauegemeza taratibu kuelekea juu, nahesabu, naachia. Aliniambia unyayo na mguu vifanye pembe mraba. Nikaenda karakanani nikachukua skwea yangu ya chuma. Kila asubuhi baada ya mazoezi naiweka: ubao chini ya unyayo, chuma ubavuni mwa muundi. Siku ya kwanza pengo lilikuwa kubwa, vidole vitatu vinapita. Ilichukua wiki saba skwea kukaa bila mwanga kupita. Nyonga nazo hukunjamana, ndiyo maana kidonda kilipokauka akawa analazwa kifudifudi nusu saa kila siku, kichwa kimegeukia dirishani, akitazama kuku wa jirani.

Katikati ya kipindi hicho mguu wake wa kulia uliruka. Ulijikunja wenyewe mbele yetu, goti likapanda. Mama alipiga vigelegele, mtaa mzima ukaja. Mjomba akatoa machozi. Keshoye dada wa mazoezi akatukalisha kwenye mkeka, akasema ule ni mkazo, misuli inajirukia kwa kuwa amri ya kichwani haiifikii kuituliza. Kuruka si kurudi. Akamwambia mdogo wangu, "Funga macho. Sasa nikisema vuta, vuta paja la kulia." Akavuta. Tuliangalia tusione kitu. Yeye aliweka vidole juu ya nyonga, akatulia, akasema, "Hapa kuna kitu. Kidogo kama sisimizi." Huyo sisimizi ndiye aliyekuja kuwa hatua. Ila vigelegele tulikuwa tumevimaliza jana yake.

Mjomba aliendelea kutaka apelekwe kwa mganga wa upande wa Newala. Sikumkatalia mbele za watu, kwetu mjomba hakataliwi hivyo. Nilimwomba kitu kimoja: dua na makombe sawa, lakini moto na mvuke hapana. Nilikuwa na sababu. Wiki chache nyuma shemeji aliweka kikombe cha chai kwenye mapaja ya mdogo wangu, kikamwagika, naye mgonjwa akaendelea kuzungumza habari za Simba na Yanga huku ngozi inababuka. Mjomba aliyaona yale malengelenge. Akaniambia, "Basi mganga asome tu." Akasoma.

Mwezi wa tano wa mwaka uliofuata ndipo tulipoambiwa tumsimamishe.

Sikujua kuwa mtu aliyelala miezi sita hawezi kusimamishwa kwa mara moja. Sisi tulijaribu kwa siri, mimi na jirani, tukamwinua wima tukimshika kiunoni. Alisema, "Kumekucha," halafu macho yakageuka, akawa mzito kama mbao mbichi. Tulidhani tumemuua. Damu imeshuka miguuni, misuli ya miguu haiisukumi kurudi juu, kichwa kinakauka. Dawa yake ni kumlaza mara moja na kuinua miguu, akazinduka, akaomba maji. Dada wa mazoezi alipopata habari alinigombeza kwa dakika kumi, nami nikamwita dada kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuutumia hata kwa mama mkwe.

Alinieleza kuwa hospitali kubwa zina kitanda kinachoinuka kidogokidogo: mgonjwa anafungwa mikanda, kinapandishwa nyuzi 30, anapumzika, kinaongezwa. Nikamuuliza, "Kina nini ndani?" Akasema hakina kitu ndani, ni ubao tu na egemeo. Nikaenda karakanani. Kati ya ile milango minne mmoja ulibaki, mwenyewe hakurudi kuulipia. Mlango wa mkongo, mzito, umenyooka.

Nilikata ubao wa kukanyagia nikaupiga kwenye ncha ya chini, pembe mraba. Bawaba mbili nene nikaziunga na fremu iliyolala chini. Nyuma nikaweka mhimili wenye matundu na pini ya chuma, kila tundu ni kituo: kwanza kama mtu anayejiegemeza kwenye kiti cha uvivu, mwisho karibu wima. Mikanda mitatu ya turubai, kifuani, nyongani, magotini. Dada alikuja akaukagua, akapitisha kiganja kila mahali, akanirudisha mara mbili: sponji iongezwe chini ya visigino, na kifungo cha mkanda wa goti kihamishwe pembeni kisibane mfupa. Alitaka pia shemeji amfunge tumbo kwa kanga kwa nguvu kabla ya kumpandisha, ili damu isiporomoke. Alikuwa na wasiwasi na mifupa vilevile, maana mfupa usiobeba uzito kwa miezi unadhoofika, na unaweza kuvunjika mtu akiinuliwa kwa pupa.

Tundu la kwanza, dakika tano. Siku ya pili vilevile. Siku ya nne tundu la pili. Shemeji alikuwa anamtazama midomo, ikipauka tunashusha. Baada ya wiki tatu alikuwa tundu la mwisho kwa nusu saa. Mara ya kwanza alipofika pale juu hakusema habari za miguu. Alitazama juu ya kabati la vyombo, akamwambia mkewe, "Kumbe chaja yangu iko pale." Alikuwa ameitafuta tangu kabla ya kuanguka.

Nasema wazi kwamba kusimama kule hakukumponya uti. Lakini siku alizosimama choo kilikuja kwa wepesi, mikazo ya miguu ikatulia, na usiku alilala. Dada alisema si kila mtu hupata hayo yote. Kwa huyu wetu ilikuwa hivyo.

Fito mbili za kushikilia anapojifunza kutembea nilizijenga kwa kiburi, nikazikosea. Mita tatu, mbao za mninga, zimepigwa msasa vizuri. Mtu anayetegemea mikono tu anapoegemeza uzito wote kwenye fito, mbao inapinda, na inapopinda moyo wake nao unapinda. Aliponing'inia katikati zikalia. Nikazing'oa. Nikanunua mabomba ya maji ya chuma, nikayasimika kwa zege, kimo cha kiuno chake ili viwiko vikunjike kidogo anapobonyeza, upana kiasi cha vidole vinne kila upande wa nyonga. Mbele nikaegemeza kioo cha meza ya shemeji. Asiyesikia miguu lazima aione.

Ila magoti hayakuwa na wa kuyashika, na hapo ndipo vyuma vya miguu vilipohitajika. Vipimo vyake tulikuwa tuvifuate Dar mapema Mei 2024, lakini mvua za Kimbunga Hidaya zikakata barabara huko Somanga, tukabaki. Tulikwenda baadaye, zaidi ya kilomita 500 kwa basi. Kila robo saa alijiinua kwa mikono kwenye kiti hesabu ya ishirini, abiria wakidhani ana bawasiri. Fundi wa vifaa saidizi aliyempima alikuwa amesomea Moshi, pale TATCOT, chuo kilichoanza 1981 kufundisha kazi hiyo. Alimfunga plasta kuanzia pajani hadi unyayoni, akaichana, akabaki na umbo la mguu mtupu. Tulizungumza kama mafundi. Alinionyesha kufuli la goti: pete ya chuma inashuka yenyewe ukinyooka, goti halikunji tena, ukitaka kukaa unaipandisha kwa kidole. Bawaba na komeo, nikamwambia. Akacheka, "Ndiyo hiyo hiyo."

Hatua yake ya kwanza kati ya mabomba ilikuwa Septemba, baada ya swala ya alasiri. Anabonyeza mabomba, mwili unainuka, sisimizi wa paja la kulia anavuta, mguu unaburuta sentimita kumi. Wa kushoto haukuwa na sisimizi. Aliurusha kwa kuinua nyonga. Hatua sita. Jasho lilidondoka kwenye saruji likaacha madoa. Mpaka leo akiwa na magongo anatoka sebuleni hadi karakanani kwangu, kama mita 40, na akifika anahema kama amekwea minazi mitatu. Kutembea kwa vyuma kunakula nguvu mara kadhaa kuliko kutembea kwangu na kwako. Kwa hiyo sokoni anakwenda kwa kiti cha magurudumu, na kuna watu wanamlaumu, wanamwambia amekata tamaa. Mtu akitoka Mikindani kwenda mjini kwa bajaji hatumwambii amekata tamaa na miguu.

Vijana walimletea video ya Mholanzi mmoja aliyeumia kwenye ajali ya baiskeli mwaka 2011, ambaye wataalamu wa Lausanne, Uswisi, kina Grégoire Courtine na Jocelyne Bloch, walimwekea vifaa kichwani na kwenye uti, fikra zake zikawa zinapeleka amri miguuni. Habari hiyo ilitoka 2023. Mdogo wangu aliitazama mara nyingi. Kisha akanionyesha kitu ambacho vijana hawakukiona: "Kaka, tazama mikono yake. Naye ana magongo." Akasimamisha video pale pale. "Na tazama kifundo cha mguu. Kimekaa skwea."

Siku hizi anafanya kazi na mimi. Nilimtengenezea kisanduku cha kusimamia, kina mkanda wa magoti na wa nyonga, meza mbele, na saa mbili za asubuhi anazimaliza wima. Anapiga msasa, mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, na wateja wanajua. Wiki iliyopita tulikuwa na mlango wa nyumba moja ya Shangani. Alimaliza upande mmoja, akaupangusa vumbi kwa kiganja, akauegemea kuusikia kama una kibanzi. Mimi nilikuwa nimesinzia kwenye kigoda, nikasikia anasema bila kugeuka, "Kaka, geuza."

Nikaamka kwa mshtuko, nikaanza kumtafuta kitandani.